Usitoke dukani na uso wa majivu: Jinsi ya kupata somo la mekapu kwenye kaunta za Kitale na Bungoma

DESEMBA ikiingia, simama mahali popote panapopakiwa matatu kati ya Kitale na Bungoma na utawaona. Uso una rangi yake, shingo ina yake, na masikio yameamua kukaa upande wa shingo. Si kwamba mrembo hakujipanga. Alinunua chupa, akanunua sponji, akaamka saa kumi na moja asubuhi, akapaka. Alichokosa ni kimoja tu: pale dukani hakuna aliyemwonyesha, na yeye hakuuliza.

Wengi wetu huingia duka la vipodozi jinsi tunavyoingia duka la sukari. Taja, lipa, toka. Kumbe yule dada aliye nyuma ya kaunta, mwenye nyusi zilizonyooka utadhani zilipigwa rula, ana ujuzi ambao kwingine ungeulipia karo. Na mara nyingi atakuonyesha bila kukutoza, bora tu ujue kuomba, na ujue cha kuomba. Wacha leo tuongee hayo.

Duka gani lina mtu wa kukushika mkono?

Nairobi hii kitu ni rahisi. Kuna maduka makubwa ya urembo kama Lintons, ambako unapata mpambaji ambaye kazi yake ni kukupaka na kukueleza. Mtindo huo ni wa kitambo. Estée Lauder, aliyeanzisha kampuni yake New York mwaka wa 1946, alijulikana kwa kuwapaka wateja kwa mikono yake mwenyewe na kuwapa sampuli waende nazo nyumbani. Alijua kwamba mtu akishajiona kwenye kioo na kupenda anachokiona, chupa inajiuza.

Huku kwetu hatujafika hapo, lakini tuna njia zetu tatu.

Ya kwanza ni rafu za supamaketi. Fikiria Khetia's, duka lililoanzia Kitale na ambalo sasa liko pia Bungoma. Hapo bei iko kwenye lebo, risiti unapewa, na ukipata shida una mahali pa kurudi. Tatizo ni kwamba katika supamaketi nyingi mhudumu uliyempata leo kwa vipodozi, kesho utampata kwa sabuni ya kufulia. Ukibahatika utakuta dada wa promosheni aliyetumwa na kampuni fulani. Huyo ni mwalimu mzuri, ila anafundisha somo la kampuni moja tu. Msikilize kuhusu mbinu, lakini kuhusu chupa amua mwenyewe.

Ya pili ndiyo darasa lenyewe: lile duka dogo la urembo katikati ya mji, upana wake kama kitanda, nywele za kusuka zimening'inia mlangoni na losheni zimepangwa hadi darini. Anayeuza hapo ni mwenyewe, au binamu yake, au msichana aliyekaa hapo miaka mitatu akipaka nyuso za kila rangi. Anajua ni ipi inayeyuka saa nane mchana na ipi inarudishwa na wateja kila mara.

Ya tatu ni meza ya sokoni, kwa mfano siku ya soko pale Chwele. Bei ni ya kutupa. Testa hakuna, na tarehe ya mwisho wa matumizi pengine imefutika. Lakini meza hiyo ina kitu kimoja ambacho duka kubwa halina: jua la Mungu. Utaona baadaye kwa nini jua hilo ni muhimu kuliko taa zote za dukani.

Majivu yanatoka wapi?

Kabla hujamlaumu muuzaji, elewa kilicho ndani ya chupa. Rangi ya faundesheni hutokana hasa na vitu vinne: unga mweupe unaoitwa titani dioksidi, na oksidi za chuma, jamaa za kutu, za rangi nyekundu, manjano na nyeusi. Kiwanda hucheza na vipimo vya hivyo vinne kama mpishi anavyocheza na viungo vya pilau.

Sasa, ngozi nyeusi haina weusi peke yake. Ndani yake kuna wekundu, kuna dhahabu, na kwa wengine kuna bluu kwa mbali. Kiwanda kikichukua faundesheni ya Mzungu na kuongeza nyeusi tu, bila nyekundu na manjano ya kutosha, ule weupe uliobaki ndani ukikutana na nyeusi unatoa kijivu. Hayo ndiyo majivu. Ngozi yako haina makosa. Chupa ndiyo haikupikwa ikikufikiria wewe.

Na hili halijaanza jana. Iman, yule mwanamitindo Msomali, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mpiga picha Peter Beard alipomwona mwaka wa 1975. Amesimulia mara nyingi kwamba alipofika Marekani, mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe, kwa sababu pale hapakuwa na ya kumtosha. Mwaka wa 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi, Iman Cosmetics. Mwaka wa 2017 Rihanna akaleta Fenty Beauty na rangi 40 kwa mpigo, na Mei 2022 ikaanza kuuzwa rasmi Kenya. Hapa nyumbani Suzie Wokabi alianzisha SuzieBeauty, ambayo ilinunuliwa na Flame Tree Group mwaka wa 2016. Naye Nelly Tuikong akaanzisha Pauline Cosmetics.

Kwa hivyo rangi zetu zipo duniani. Swali ni kama zipo kwenye rafu ya Kitale. Mwenye duka dogo akienda kununua mzigo kwa jumla Nairobi, labda kule Dubois Road, hawezi kubeba rangi 40. Anabeba nne au tano zinazotoka haraka, anapakia kwenye basi, anarudi. Kama rangi yako haiko kati ya hizo tano, muuzaji ana njia mbili: akwambie ukweli na akuagizie, au akuuzie iliyopo. Hapo ndipo unapomjua muuzaji wako.

Kuna sentensi moja ya kaunta ambayo inabidi uijue: "Chukua hii mrembo, itakung'arisha." Tafsiri yake ni kwamba chupa hiyo ni nyeupe kukuliko. Mimi niliambiwa hivyo katika duka moja Bungoma. Nilionyesha shingo, muuzaji akaangalia shingo, kisha mkono wake ukapita chupa mbili na kutua kwa ya tatu, ile nyeupe. Hakuwa na roho mbaya. Kwake yeye hiyo ilikuwa zawadi, kama vile kukuongezea nyanya moja juu ya fungu. Nikamwambia, "Dada, nitafutie rangi ya hii shingo yangu." Alicheka, akainama chini ya kaunta, na chupa sahihi ikatoka na vumbi juu yake. Vumbi hilo lilinieleza mengi. Ilikuwepo siku zote. Watu walikuwa hawaiulizi.

Fikiria msichana wa miaka kumi na minane anayeingia hapo mara ya kwanza. Anayemhudumia anamfunza, bila kusema wazi, kwamba kupendeza ni kupanda ngazi kuelekea weupe. Leo ni faundesheni, mwaka ujao ni krimu ya kubadilisha ngozi. Ndiyo maana kuomba rangi ya shingo yako si kuringa.

Ukiingia dukani, fanya hivi

Nenda asubuhi siku ya kazi. Jumamosi saa tisa duka limejaa, na hakuna mtu atakufundisha kitu huku kastoma wengine wakipiga kelele za bei. Nenda na uso uliooshwa na kupakwa losheni tu. Ukienda umejipaka tayari, muuzaji atalinganisha chupa na chupa.

Sema bajeti yako mapema na usione haya. "Dada, ngozi yangu ni ya mafuta, niko na Sh600, nionyeshe mbili." Sentensi hiyo moja imempa kila kitu anachohitaji. Ukinyamaza, atakuanzia na ya Sh2,500, na nyote wawili mtapoteza wakati.

Usikubali kujaribiwa mgongo wa mkono. Mkono umepigwa jua na sabuni kwa njia tofauti na uso. Mahali pa kujaribu ni kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo. Achore mistari mitatu: rangi anayodhani ni yako, iliyo juu yake, na iliyo chini yake. Mstari unaopotea ndio wako.

Kisha toka nje. Ndiyo, toka hadi mlangoni. Taa nyingi za maduka yetu ni nyeupe zenye ubluu, na chini ya taa hiyo kila mtu anaonekana kama amekuwa mgonjwa. Omba kioo kidogo, simama kwa mwangaza wa mchana, jiangalie. Muuzaji akikataa usitoke na kioo, mpe simu yako akupige picha hapo mlangoni bila filta.

Halafu ngoja. Faundesheni nyingi hubadilika rangi zikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi, hasa kwa sisi wa ngozi ya mafuta. Zunguka mji dakika kumi na tano, nunua mahindi ya kuchoma, rudi uangalie tena. Kama imeshuka na kuwa nyeusi zaidi, au imegeuka rangi ya chungwa, hiyo si yako.

Kuna jambo la hali ya hewa pia, na hapa miji yetu miwili inatofautiana. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi, na Januari hewa ni kavu na upepo unakuja na vumbi la mashamba. Uso mkavu ukipakwa faundesheni ya kukausha mafuta unapasuka kama udongo unaongoja mvua. Bungoma iko chini zaidi, karibu mita 1,400, na joto lake la mchana halibembelezi. Mtu anayepanda matatu Kitale asubuhi akiwa amepaka tabaka nzito, akipita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, anashuka Kanduyi uso ukiwa na hadithi nyingine kabisa. Kwa hivyo mwambie muuzaji utavaa mekapu hiyo wapi na saa ngapi. Ya ofisini Kitale na ya harusi Bungoma zinaweza kuwa chupa mbili tofauti, au chupa moja na praima tofauti.

Mbinu ya nusu uso

Hii ndiyo siri niliyopata baada ya kuzunguka maduka mengi: usiombe kupakwa, omba kufundishwa. Ukipakwa uso wote utatoka umependeza, kesho asubuhi kioo cha nyumbani kitakushinda. Mwambie hivi: "Dada, nipake upande mmoja, huu mwingine nitapaka mwenyewe unirekebishe." Wengi hufurahi. Hakuna asiyependa kuitwa mwalimu.

Anapopaka, angalia mikono yake kuliko uso wako. Haya ndiyo mambo ya kuchungulia.

Chini ya macho: ngozi nyeusi ikiwa na weusi wa uchovu, konsila nyeupe huutoa ukiwa kijivu. Wanaojua hutanguliza rangi ya chungwa kidogo sana, kisha konsila ya rangi ya ngozi juu yake. Muulize aonyeshe kiasi. Ni kidogo kuliko unavyodhani.

Faundesheni: anaanza katikati ya uso, kando ya pua, ambako rangi haiko sawa, akienda nje. Sponji ililoweshwa ikakamuliwa. Anagonga, hasugui, kwa sababu kusugua kunahamisha kile ulichokwisha kupaka. Anashuka hadi chini ya taya. Masikio pia, tafadhali.

Poda: si uso wote. Inabonyezwa pale panapong'aa, yaani paji la uso, pua na kidevu. Na kabla hujanunua ile poda nyeupe inayodaiwa kutoshea kila mtu, ipake, halafu jipige picha na mwako wa simu hapo hapo dukani. Poda zenye silika nyingi hurudisha mwanga wa kamera, na hapo ndipo bibi harusi anaonekana kwenye albamu kama aliyeanguka ndani ya gunia la unga wa Kitale.

Nyusi: hapa ndipo wengi huumia. Penseli ya kahawia iliyokolea inaonekana ya asili kuliko nyeusi ti. Anachora mistari midogo midogo kama nywele, akianzia chini ya nyusi, na mwanzo wake karibu na pua unakuwa hafifu kuliko mkia. Ukianza kwa kubonyeza hapo mbele, utakaa umekasirika siku nzima.

Kope bandia: gundi ijaribiwe kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono, na ungoje siku moja. Jicho si mahali pa kugundua kwamba una mzio.

Mdomo: penseli ya kahawia pembeni, rangi katikati, kisha midomo ikutane. Muulize jinsi ya kuchanganya lipstiki mbili za bei rahisi upate rangi moja isiyo ya kila mtu. Hapo utaona macho yake yakiwaka.

Akimaliza upande wake, shika brashi ufanye wako. Utakosea. Pande mbili hazitafanana. Hiyo ndiyo maana ya kuja dukani: unakosea mbele ya mtu anayeweza kukwambia ni wapi. Video ya TikTok haiwezi kukushika mkono na kusema, "Umebonyeza sana." Omba ruhusa umrekodi mikono yake kwa simu, usiku ukifika nyumbani urudie.

Testa ni ya wote, macho ni yako

Sasa tuongee jambo ambalo watu huona aibu kusema dukani. Ile lipstiki ya testa imepita midomo mingapi? Malengelenge ya mdomoni husababishwa na virusi vinavyoambukiza, na ile brashi ya maskara iliyochovywa tangu Januari inaweza kukuachia macho mekundu wiki nzima.

Sheria yangu ni rahisi. Testa ya mdomo na ya macho haigusi mdomo wala macho. Lipstiki inakwaruzwa kwa kijiti safi na kuangaliwa kwenye ncha ya kidole, ambayo rangi yake iko karibu na ya mdomo. Wanja unachongwa kwanza. Krimu inachotwa kwa kijiti, si kwa kidole. Beba pamba za masikio chache kwenye mkoba, na sponji yako mwenyewe. Ukiitoa, muuzaji mzuri hatachukia. Atakuheshimu, na pengine atakumbuka kuosha ya kwake.

Angalia pia chupa unayonunua. Nyuma ina mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa, na ndani yake nambari na herufi M. 12M maana yake ni miezi kumi na miwili tangu siku ulipoifungua. Maskara ni miezi mitatu hadi sita tu, hata kama bado inatoka. Andika tarehe kwa kalamu ya alama siku unapofungua.

Feki, na ile krimu ya chini ya kaunta

Chapa kubwa ikiuzwa Sh250, jiulize mwenye kiwanda anakula nini. Feki nyingi hujitambulisha zenyewe: maandishi yenye makosa, nambari ya toleo iliyo kwenye boksi haifanani na ya chupa, harufu kama ya rangi ya nyumba. Kwa bidhaa zinazotengenezwa Kenya, tafuta alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS. Chini yake kuna nambari ya kibali. Tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwa 20023 uone kama inalingana na bidhaa uliyoshika. Za kutoka nje zinatakiwa ziwe na stika yake ya uagizaji.

Halafu kuna ile krimu isiyowekwa kwenye rafu, inayotolewa ukishazoeana na muuzaji, wakati mwingine kwenye kikopo kisicho na jina. Ikiwa inaahidi kukugeuza rangi ndani ya siku saba, ondoka. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa vibaya kwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi kuliko yale uliyokuwa ukiyakimbia. Mekapu unaosha jioni. Hii haioshwi.

Heshimu anayekufundisha

Wasichana wengi wa kaunta hupata mshahara mdogo, na kuna wanaotegemea komisheni ya kile walichouza. Dakika ishirini alizokaa na uso wako ni dakika ambazo hakumuuzia mtu mwingine. Kwa hivyo usiende kujipambia harusi bure kisha useme, "Nitarudi." Nunua kitu, hata kama ni penseli ya nyusi ya Sh100. Kama huna pesa siku hiyo, sema mapema kwamba umekuja kuuliza tu, uchague wakati ambao duka halina watu. Mlete rafiki mwezi ujao. Mtaje kwenye stetasi yako ya WhatsApp, bora akubali.

Na heshima ni ya pande mbili. Una haki ya kusema hapana. Akishakupaka hujanunua tayari. Sema kwa upole, "Asante dada, wacha nitembee nayo kwanza nione." Akinuna, umejua duka la kutorudi. Akikwambia, "Sawa, kama haitakaa vizuri rudi tujaribu nyingine," shika hapo hapo. Umepata mwalimu.

Kaunta inaweza kuwa kazi

Mimi niliacha chuo, karo ikawa ngumu, na kama wengi wa umri wangu nimeshuhudia jinsi mji mdogo unavyokuhesabu ukiwa huna cheti. Ndiyo maana kaunta hizi zinanivutia kuliko mekapu yenyewe. Nimeona jinsi mambo yanavyoenda: msichana anaanza kwa kufagia duka na kupanga losheni, anapaka nyuso za wateja, mteja mmoja anamuita kumpaka siku ya harusi, harusi inaleta nyingine tatu. Ana sanduku lake la brashi na anapanda bodaboda alfajiri kwenda kwa bibi harusi Kimilili.

Soko lipo. Harusi za Desemba zipo, mahafali ya Chuo Kikuu cha Kibabii yapo, sherehe za kulipa mahari zipo, na Agosti ya kila mwaka wa nambari shufwa Bungoma nzima inajaa wageni wa tohara. Siku hiyo anayepakwa rasmi ni kijana, anayetoka mtoni alfajiri na matope mwilini. Lakini wale mashangazi, madada na mashemeji walio kando yake wanataka kutokea vizuri kwenye picha, na mtu lazima awapake.

Ukitaka karatasi, zipo njia ambazo hazikudai digrii. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hufanya mitihani ya ufundi kwa gredi, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza, ikiwemo ya ususi na urembo, na mtu aliyejifunzia kazini anaweza kuikalia. Serikali pia ina mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Uliza gharama kabla hujalipa mtu yeyote anayedai kukufanyia mipango. Na kabla ya hayo yote, unaweza kuanza bila kutoa hata shilingi: mwombe yule dada wa duka dogo usaidie siku za Jumamosi. Kupanga rafu ni karo tosha.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujaagiza kitu mtandaoni kwa kukisia rangi kwenye skrini, ingia duka moja. Osha uso. Beba sponji. Onyesha shingo yako bila kuomba radhi. Na ukipewa chupa yenye vumbi, ipanguse, toka nayo hadi mlangoni, uiangalie kwa jua. Kila mmoja wetu akiiuliza mara mbili tatu, safari ijayo mwenye duka atarudi kutoka Nairobi akiwa amebeba mbili.